Kaka yangu anataka tenda, na mimi ndiye katibu wa tawi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Nafanya kazi katika hospitali ya taasisi ya dini inayopata ruzuku ya serikali. Sitaitaja, na hata wewe ukiihisi naomba usiitaje. Mimi pia ni katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Wenzangu walinichagua kwa kuwa siogopi kusema vikaoni, na kazi hiyo naipenda.

Mwezi uliopita menejimenti ilituita viongozi wa tawi. Wakasema hospitali haina fedha, malipo ya bima yanachelewa, vifaa vimepanda bei. Wanataka usafi, kufulia na jiko vipewe kampuni kwa mkataba. Wahudumu wa idara hizo, karibu wote kina mama, watalipwa haki zao kisha waombe kazi kwa kampuni itakayoshinda. Baada ya hapo wakatuwekea asali: fedha itakayookolewa itatumika kulipa malimbikizo ya posho za kuitwa kazini usiku, za wauguzi na watu wa maabara, ambazo tumezidai hadi tumechoka. Sharti lao ni kwamba tusaini makubaliano kwenye kikao cha mwisho wa mwezi huu.

Wauguzi wenzangu wananipigia simu. "Katibu, saini, Januari hiyo ada za shule zinakuja." Siwalaumu, maana hata mimi nadai. Lakini wahudumu wa usafi karibu wote ni wanachama hai, wanakatwa ada kila mwezi na wanakuja mikutanoni, wakati wauguzi wanachama hatufiki nusu. Nitawaambia nini?

Kuna kikundi tunachokutana Jumamosi jioni, nyuma ya duka la mwenzetu kule Majengo. Tunasoma na kujadili siasa na uchumi. Ni watu wa mrengo wa kushoto na hatuoni haya kusema hivyo. Nilipolipeleka jambo hili, kikundi kilipasuka. Ndugu mmoja, mwalimu wa chuo, alisema huduma ya afya si bidhaa, na nikisaini nimeuza tabaka langu. Akatukumbusha maji ya Dar es Salaam: kampuni binafsi ilikabidhiwa mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali yenyewe ikavunja mkataba. Anataka tugome. Mama mmoja mstaafu, aliyefanya kazi kiwandani enzi za JUWATA, ile jumuiya ya wafanyakazi ya wakati wa chama kimoja, akamjibu kwamba kiwanda chao kilikuwa cha umma na bado mfanyakazi akionewa hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo asimhubirie kuhusu umma. Yeye anasema niache nadharia, niwapatie wale kina mama masharti mazuri kwa maandishi. Wakaanza kuitana majina. Mmoja kaitwa mwanamapinduzi wa vitabuni, mwingine kaitwa kibaraka. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, na sijaenda tena.

Sasa Shangazi, hili sijamwambia mtu. Mojawapo ya kampuni zinazotaka hiyo tenda ni ya kaka yangu anayenitangulia. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia ada chuo cha uuguzi, akiuza mitumba soko la Memorial. Amenipigia simu akasema, "Mdogo wangu, wewe saini tu, mimi nitawachukua wote, hata mmoja hataachwa." Mama naye amesikia, ananiambia damu ni nzito kuliko maji.

Juzi nilikuwa zamu ya usiku. Mama mmoja anayesafisha wodi ya wazazi alikuwa anapiga deki, ndoo ya maji yenye dawa ya JIK pembeni, suruali kaikunja hadi magotini. Akasimama akaniuliza: "Katibu, nina miaka kumi na minne hapa. Hiyo michango yangu ya pensheni ya NSSF itaendelea huko, au inaanza upya?" Nikamwambia nitamletea jibu, na bado sijampelekea.

Nisaini au nisisaini? Na kaka yangu nimfanyeje?

Ni mimi, K., Moshi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mzigo, na asante kwa kuniamini na jambo la kaka yako kabla hujamwambia mtu mwingine.

Umeniuliza usaini au usisaini, lakini karatasi hiyo imebeba mambo mengi kwa mpigo. Ina posho zenu mnazodai, ina ajira za kina mama, na kwa upande wako ina kaka aliyekusomesha. Ninachojiuliza ni nani aliyeyafunga yote pamoja. Posho ya kuitwa usiku ni malipo ya kazi mliyokwisha kuifanya. Mliamka usiku, mkaja, mkahudumia. Hilo ni deni, na lingekuwa deni hata kama hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuikodisha kazi ya usafi. Kwa nini lilipwe kwa ajira ya anayepiga deki? Sijui kama menejimenti ina nia mbaya. Inawezekana kabisa hospitali imebanwa kweli, kwani hospitali nyingi za taasisi za dini zinaishi kwa kusubiri ruzuku na bima. Lakini mambo hayo yanaweza kutenganishwa yakawa ajenda mbili, na ungewaomba hivyo kabla ya mengine yote ungeona wanajibu nini. Hatari yake ni kwamba wauguzi wanaweza kuona unawachelewesha. Itabidi uwaeleze wewe mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako. Umeniandikia maneno ya menejimenti, ya wauguzi, ya mwalimu, ya mama mstaafu, ya kaka yako na ya mama yako. Wahudumu ambao ajira zao ndizo zinazojadiliwa nimewasikia mara moja tu, kwa swali la NSSF. Je, wameshaitwa kwenye mkutano wakaulizwa wanataka nini? Usije ukaona nakulaumu. Kiongozi akizidiwa huwa anabeba peke yake, akidhani anawapunguzia wenzake wasiwasi. Ila naona unalala na uamuzi ambao kwa sehemu kubwa si wako kuufanya.

Tuanze na huyo mama, maana swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Uanachama wa NSSF ni wake, haupotei kwa kubadili mwajiri. Namba yake ni ileile na michango ya zamani inabaki. Lakini ili apate pensheni ya uzeeni anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Miaka 14 ni miezi 168. Kama michango yake yote imepelekwa, anahitaji miezi 12 tu. Sasa akiingia kwa mwajiri anayekata mshahara na kuchelewa kupeleka michango, au akikaa nyumbani mwaka mzima akisubiri kuitwa, unaona mwenyewe kilicho hatarini. Mwambie akachukue taarifa ya michango yake ofisi ya NSSF sasa, na wenzake wote wafanye hivyo. Hilo unaweza kulifanya kesho asubuhi, hata kabla hujajua utasaini au hutasaini.

Halafu hizo "haki zao" zitakazolipwa, mmeambiwa ni kiasi gani? Kiinua mgongo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tuseme huyo mama ana mshahara wa 280,000 kwa mwezi. Atapata takriban 750,000, na miaka yake minne ya mwisho haiingii kwenye hesabu. Kuna notisi na likizo ambayo hajachukua, lakini uzito wa malipo ni huo. Chama kinaweza kujadili zaidi ya hapo, kwa sababu sheria imeweka kiwango cha chini. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hana ule ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kwa kampuni mpya, mama wa miaka 14 anakuwa mgeni kama aliyeajiriwa jana, isipokuwa makubaliano yaandike kwamba huduma yake inahesabiwa inaendelea.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe notisi, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane juu ya sababu, njia za kuepuka kupunguza, namna ya kuchagua watakaoondoka, na malipo. Kushauriana maana yake si kuletewa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Mna haki ya kuomba hesabu. Usafi unawagharimu kiasi gani sasa? Kampuni italipwa kiasi gani? Tofauti inatoka wapi? Kazi ya usafi haina mashine kubwa, gharama yake karibu yote ni mishahara. Basi kama kampuni itakuwa nafuu, na bado ipate faida yake, lazima kuna mahali pamepunguzwa, iwe idadi ya watu, mishahara yao au dawa ya kwenye ndoo. Katika wodi ya wazazi hilo la mwisho wewe muuguzi unalielewa kuliko mimi. Msipokubaliana, jambo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Huko kuna foleni, kuna uchovu, na mwajiri mara nyingi ana mwanasheria. Lakini si ukuta.

Kuhusu mgomo, namwelewa ndugu yetu mwalimu, na moyo wake naupenda. Ila nina wasiwasi na ushauri huo. Huduma za afya zimo katika orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazuia mgomo, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Yeye akisema "gomeni" anarudi darasani Jumatatu. Mhudumu akigoma kinyume cha sheria anaweza kumpa mwajiri sababu ya kumfukuza bila hicho kiinua mgongo. Sikuzuii kulijadili, ila watakaobeba gharama ndio waamue, wakiwa wameelezwa gharama hiyo kwa ukamilifu.

Wauguzi nao usiwaache wakidhani hawana cha kupoteza. Umesema wahudumu karibu wote ni wanachama na wauguzi hamfiki nusu. Chama kinatambuliwa kuwa msemaji pekee wa majadiliano kwa sababu kina wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi linalohusika. Kikipoteza wingi huo, mwajiri anaweza kukipa notisi ya miezi mitatu kiurudishe, kikishindwa anaondoa utambuzi. Wahudumu wakiondoka, mtabaki wangapi kwenye daftari? Wauguzi wanaweza kulipwa malimbikizo ya zamani, kisha wakakosa wa kuwasemea posho za mwaka unaokuja. Waeleze hivyo kwa tarakimu zenu halisi. Huenda wengine wakajaza fomu za uanachama siku hiyohiyo.

Sasa kikundi chenu. Kimeniuma, maana mijadala ya namna hiyo imekuwa adimu na mji wenu unaihitaji. Mimi sioni kwamba wale wawili wanapingana kama wanavyodhani. Mwalimu analinda wazo kwamba tiba haipaswi kuwa biashara, na tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993 kila familia ina lake la kusimulia. Mama mstaafu anakumbuka jambo ambalo watu wa kushoto hapa nchini tumekuwa wavivu kulizungumza. Mwaka 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake alikuwa wakati huohuo waziri wa kazi. JUWATA iliyofuata ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Viwanda vikawa vya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, lakini mfanyakazi hakuwa na chombo chake cha kumkabili meneja. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa 1971 ulipokemea viongozi wajivuni na wababe, wafanyakazi waliushika kwa mikono miwili wakaanza kuwahoji mameneja wao, na haukupita muda wakaambiwa warudi kazini. Mama yule alionja hayo. Kumwita kibaraka ni kumkosea.

Kwa hiyo unaweza kuamini kwa moyo wote kwamba huduma isigeuzwe biashara na bado ukajadili vifungu vya kumlinda mtu iwapo mtashindwa. Kupigania vifungu si kukubali kushindwa, ingawa nakiri kuna hatari: mwajiri akiona mmeshaanza kujadili masharti ya kuondoka, anaweza kuhesabu kwamba mmekubali kuondoka. Ndiyo maana ningependa muhtasari wa kila kikao uonyeshe wazi kwamba msimamo wa kwanza wa tawi ni kupinga, na mengine yanajadiliwa bila kuuacha msimamo huo.

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyeitaja, na nimeshangaa kwa kuwa mko Moshi. Kama kazi lazima itoke, kwa nini iende kwa kampuni? KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianza huko mwaka 1933, na Azimio lenyewe lilipotaja njia kuu za uchumi kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi lilitaja vyombo vya serikali yao pamoja na vyama vya ushirika. Wahudumu wenyewe wanaweza kuunda ushirika wa kazi chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 na kuiomba tenda. Usiwauzie ndoto lakini. Watahitaji mtaji wa vifaa, mtu wa kushika hesabu, na uwezo wa kulipana mishahara miezi ambayo hospitali imechelewesha malipo. Ushirika unaoshindana kwa bei ya chini unaweza kuishia kujilipa vibaya kuliko kampuni yoyote. Na ushirika unaingiliwa, tuliona vyama vikuu vilivyovunjwa na serikali mwaka 1976. Liweke mezani, walipime wenyewe.

Nimemwacha kaka yako hadi sasa kwa sababu najua ndiye anayekunyima usingizi. Mtu aliyeuza mitumba ili usome si wa kuzungumziwa kwa ukali, na sitamzungumzia hivyo. Naamini anaposema atawachukua wote anamaanisha. Swali ni kama ahadi hiyo iko kwenye uwezo wake. Anashindana na wengine kwa bei. Akiandika bei inayotosha kuwalipa wote kama wanavyolipwa sasa, pengine atashindwa. Akiishusha ili ashinde, ndipo atakapojua nani ataachwa. Keti naye mpige hesabu hiyo pamoja, kwa karatasi na kalamu, umsikilize. Inawezekana naye hajaipiga.

Kisha kuna kukaa kimya. Umekaa kimya kwa upendo na kwa woga, na vyote viwili navielewa. Fikiria tu siku litakapojulikana, na Moshi ni mji mdogo. Ukiwa umesaini, watasema uliwauza kwa ndugu yako, na hata vifungu vizuri ulivyowapigania vitatiliwa shaka. Ukiwa umekataa na kaka amekosa tenda, nyumbani utaulizwa Krismasi mkipanda huko juu mlimani, kihambani kwenu, mbele ya wajomba. Unaweza kumweleza mwenyekiti wa tawi kwa maandishi na kujiweka pembeni kwenye ajenda hii moja tu, ukiendelea na kazi nyingine za ukatibu. Utapoteza nafasi ya kuwasemea kina mama wakati wanakuhitaji, na huenda atakayeshika nafasi yako ni mwepesi kuliko wewe. Unaweza kumwomba kaka asiombe tenda hii. Hilo litakugharimu kwake, na mama yako ataumia. Au uueleze mkutano wa tawi wenyewe, uwaachie waseme kama bado wanakuamini. Sijui ni ipi unayoiweza. Wewe unamjua kaka yako na unawajua wanachama wako. Ninachokuomba ni usichanganye ada aliyokulipia na tenda hii. Ada ni deni lako wewe, na una maisha marefu ya kulilipa kwa njia nyingine. Yule mama wa wodi ya wazazi hakukopa kitu kwa kaka yako.

Kwa mama yako, mwambie tu kwamba unalishughulikia. Si lazima aelezwe kila kikao.

Kabla ya mwisho wa mwezi, andika barua mbili fupi kwa niaba ya tawi: moja ya kuomba taarifa za gharama, nyingine ya kuomba posho zijadiliwe peke yake. Mkabidhi afisa utumishi, asaini nakala yako aliipokea lini. Mjulishe ofisi ya chama ya mkoa, wao wana watu wanaozijua taratibu za Tume. Itisha mkutano wa wahudumu kwa saa wanayobadilishana zamu ili wa usiku na wa mchana wawepo wote. Na kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, mkiletewa karatasi, mna haki ya kuichukua mkaisome na wanachama. Hakuna sheria inayowalazimisha kuisaini siku hiyohiyo.

Shangazi